Geno Petriashvili na mieleka ya kilo 125: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tangu fainali ya Paris 2024 watu wanauliza yaleyale, mara Geno ni nani, mara hii mieleka inahesabiwaje, mara mbona jamaa wana masikio ya ajabu. Nimeyakusanya hapa pamoja, soma unachotaka ruka usichotaka.

Geno Petriashvili ni nani hasa?

Ni mwanamieleka wa Georgia, amezaliwa 1994, anacheza mieleka ya fristaili uzito wa juu kabisa yani kilo 125. Bingwa wa dunia mara tatu mfululizo, 2017 Paris, 2018 Budapest na 2019 Nur-Sultan kule Kazakhstan. Olimpiki ana medali tatu za rangi tatu: shaba Rio 2016, fedha Tokyo (ile ya 2020 iliyochezwa 2021) na dhahabu Paris 2024. Kabla ya hapo alishachukua shaba ya dunia Las Vegas 2015.

Ukiisoma hivyo unaona kama ngazi, kapanda moja moja mpaka juu. Haikua hivyo kabisa. Huyu jamaa mechi zake kubwa nyingi zimeamuliwa kwa pointi moja au mbili, na mojawapo iliamuliwa saa ikiwa imebaki chini ya sekunde moja, na siku hiyo aliyelia ni yeye. Mimi ndo maana namfatilia. Kuna wenye nguvu kuliko yeye na kuna wenye kasi kuliko yeye, ila sijaona mwingine kwenye uzito huu ambaye kila fainali yake inakuweka ukingoni mwa kiti namna ile.

Georgia ipi? Ile ya Marekani yenye Atlanta?

Hapana, nchi. Iko Kaukazi, pembeni ya Bahari Nyeusi, imepakana na Urusi, Uturuki, Armenia na Azerbaijan, mji mkuu Tbilisi. Ilikua ndani ya Muungano wa Kisovieti mpaka 1991. Watu wake hawafiki hata milioni 4, Dar es Salaam peke yake kwenye sensa ya 2022 ilikua na zaidi ya milioni 5, halafu hao ndo wanaokwenda Olimpiki kurudi na medali za watu wenye vifua vipana. Paris 2024 walichukua dhahabu tatu: Lasha Talakhadze kwenye kunyanyua vyuma, Lasha Bekauri kwenye judo, na Geno.

Sio bahati. Wana mieleka yao ya jadi inaitwa chidaoba, wanavaa koti fupi wanashikana huku zumari na ngoma zinapigwa pembeni, na UNESCO waliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2018. Mtoto wa huko anajua kumwinua mwenzie kabla hajajua jina la mchezo anaoucheza.

Hii ni ileile mieleka ya kina Undertaker na John Cena?

Hapana bana. Ile ya TV ni maonyesho, mshindi anajulikana kabla hawajapanda ulingoni, na kuanguka wanaanguka kweli na kuumia wanaumia kweli sibishi, ila matokeo yamepangwa. Hii ya Geno hakuna kamba, hakuna kiti cha kumpiga mtu nacho mgongoni, hakuna ngumi. Kuna mkeka wenye duara la upana wa mita 9, watu wawili, refa, na majaji wanaoangalia video.

Ila kuna watu wamevuka daraja. Kurt Angle mnayemjua wa WWE, kampuni ya hiyo mieleka ya TV, alichukua dhahabu ya Olimpiki ya fristaili Atlanta 1996, kilo 100. Na Gable Steveson aliyemfunga Geno Tokyo naye baadae alisaini WWE, tutafika kwake.

Fristaili na Griko-Romani tofauti yake nini?

Miguu. Kwenye fristaili unaruhusiwa kushika miguu ya mwenzako na kutumia miguu yako kumwangusha, kwenye Griko-Romani ni kuanzia kiunoni kwenda juu tu. Yule Mcuba Mijaín López mwenye dhahabu tano za Olimpiki ni Griko-Romani, kilo 130. Geno ni fristaili. Watu wanawachanganya kwasababu wote ni mapande ya watu.

Kilo 125 maana yake lazima uwe na kilo 125?

Hiyo ni dari, sio sakafu. Olimpiki uzito wa wanaume fristaili ni 57, 65, 74, 86, 97 na 125. Kwahiyo ukizidi 97 hata kwa gramu unaenda kukutana na hawa, uwe na kilo 105 au 124 hamna anayejali. Ukizidi 125 hauchezi. Wengine wanakuja wanapima wakiwa wepesi kabisa wamekula chai na mayai, wengine wamekesha wanatoka jasho ili mizani iwakubali. Tangu 2018 kupima uzito ni asubuhi ya siku ya mechi, na mashindano makubwa yanachezwa siku mbili, kwahiyo siku ya pili unapima tena. Ile tabia ya kujikausha halafu kula kama umetoka jela imepungua sana.

Zamani hakukua na dari. Munich 1972 Mmarekani Chris Taylor alikua na zaidi ya kilo 180, na Msovieti Aleksandr Medved aliyekua mwepesi kuliko yeye kwa mbali sana alimfunga akaenda kuchukua dhahabu yake ya tatu ya Olimpiki. Miaka ya 80 wakaweka kikomo cha kilo 130, baadae kikashushwa kuwa 120, na tangu 2014 ni 125.

Pointi zinahesabiwaje? Mimi naona tu watu wanabingirika halafu ubao unabadilika.

Hapa tuwe wapole kidogo maana ukielewa hii utaelewa na kilichotokea Tokyo.

Mechi ni vipindi viwili vya dakika tatu tatu, katikati mnapumzika sekunde 30. Ukimsukuma mwenzako akatoka nje ya duara unapata 1. Ukimwangusha ukawa nyuma yake au juu yake umemdhibiti unapata 2. Akiwa chini ukamgeuza mgongo ukaangalia mkeka unapata 2 zingine, na hii ndo ile wanamshika kiuno kwa nguvu kama wanafunga mzigo wa mkaa halafu wanabingirika naye, na wanaweza kurudia papo hapo, 2, halafu 2, halafu 2 tena, kabla hujameza mate umeshapigwa 6. Ukimrusha kutoka amesimama akaanguka na mgongo ni 4, na kama ulimnyanyua juu kabisa inafika 5. Ukimbana mabega yote mawili chini mechi imekwisha hapohapo haijalishi ubao unasema nini. Na ukimzidi kwa pointi 10 refa anasimamisha, hakuna haja ya kuendelea kudhalilishana.

Kuna na kitu kinaitwa chalenji. Kocha akiona majaji wamekosea anarusha kile kidude laini mkekani, mchezo unasimama wanaangalia video. Ukiwa sahihi pointi zinabadilishwa, ukiwa umekosea mpinzani wako anaongezewa 1. Kumbuka hiyo 1.

Nini kilitokea Tokyo?

Tarehe 6 Agosti 2021, ukumbi wa Makuhari Messe. Upande mmoja Geno, bingwa wa dunia mara tatu, umri 27. Upande wa pili Gable Steveson, mwanafunzi wa chuo kikuu cha Minnesota, umri 21, jina amepewa kwa heshima ya Dan Gable ambaye kwa Wamarekani ni kama nabii wa mieleka. Dogo alikua ameshamtoa bingwa wa Rio, Mturuki Taha Akgül, 8-0 robo fainali, halafu nusu fainali akamfunga Mmongolia Lkhagvagerel Munkhtur 5-0. Yani alifika fainali hajaruhusu pointi hata moja kwenye mechi hizo mbili za wakubwa.

Mwanzoni Gable ndo aliongoza. Ana kasi ambayo mtu wa uzito ule hatakiwi kuwa nayo, anacheza kama kilo 74. Geno akavumilia, akasubiri, akampata, akamwangusha na kumbingirisha, ubao ukasoma 8-5 Geno yuko mbele na zimebaki sekunde chache tu. Hapo kwa hesabu ya kawaida mechi imeisha. Gable anahitaji pointi tatu au zaidi, kumwangusha mtu mara moja ni 2, kwahiyo anahitaji kumwangusha bingwa wa dunia mara mbili ndani ya muda ambao mimi na wewe hatujamaliza kufunga kamba ya kiatu kimoja.

Akamwangusha ya kwanza, 8-7. Sasa angalia alichofanya, na hii ndo sehemu ya kurudia mara nyingi ukiitafuta video: hakuendelea kung'ang'ana naye chini. Alimwachia ainuke. Wengi wetu tungebaki pale chini tunahangaika kumbingirisha mpaka kengele inalia, yeye aliona muda hautoshi akamwachia asimame makusudi ili amwangushe tena. Geno akasimama anarudi nyuma, kichwa kimeinama, anataka tu muda uishe. Gable akamvuta kichwa chini, akazunguka kama anafungua mlango, akatokea nyuma yake. Saa ilikua imebaki chini ya nusu sekunde. 9-8.

Upande wa Georgia wakarusha chalenji, wanadai muda ulikua umeisha. Video ikaangaliwa, muda haukua umeisha, ikaongezwa ile 1. Mwisho 10-8. Gable na kilo zake zile akapiga samasoti pale mkekani, Geno akabaki kasimama anaangalia ubao.

Kwahiyo Geno aliibiwa?

Hapana. Naulizwa hii sana na jibu ni hapana. Rudia video taratibu utaona Gable yuko nyuma na mikono imeshafunga wakati saa inahesabu. Na ile pointi ya 10 haikuamua chochote, alikua ameshafungwa 9-8.

Kama kuna lawama basi ni zile sekunde za mwisho za kurudi nyuma. Mtu anayerudi nyuma uzito wake wote uko visiginoni, huyo hata mtoto anamvuta. Angebaki kifua kwa kifua, angemkumbatia tu, pengine angekua bingwa. Ila mimi naongea nikiwa nimekaa kwenye sofa na yeye alikua amechoka hajiwezi baada ya karibu dakika sita za kuvutana na tinginya la kilo zaidi ya mia, kwahiyo tumwache.

Gable Steveson aliendelea na nini?

Alishinda ubingwa wa vyuo Marekani 2022, akaacha viatu mkekani kama ishara ya kustaafu, akaenda WWE, haikumkalia vizuri. 2024 akajaribu mpira wa Kimarekani na timu ya Buffalo Bills bila kuwahi kuucheza utotoni, wakamkata. Akarudi chuoni, na Machi 2025 kwenye fainali ya vyuo akafungwa na Wyatt Hendrickson 5-4, kwa kuangushwa mwishoni mwishoni. Yani dawa ileile aliyompa Geno naye akainywa. Kwahiyo yeye na Geno kwenye Olimpiki wamekutana fainali hiyo moja tu, na mashabiki wanaosubiri marudiano wamesubiri sana.

Na Taha Akgül? Naskia ndo alikua mpinzani wake mkubwa.

Ndo mwenyewe. Ukitaka kuielewa kazi ya Geno anza na Taha, maana bila yeye Geno angekua na makabati mawili ya medali.

Taha ni Mturuki wa Sivas, amezaliwa 1990, mrefu, mtulivu, na mikono yake ikishakushika mguu umeisha. Bingwa wa dunia 2014 Tashkent na 2015 Las Vegas, dhahabu ya Olimpiki Rio 2016 akimfunga Komeil Ghasemi wa Iran fainali. Rio hiyohiyo Geno alikua kijana wa miaka 22 anachukua shaba yake. Kwahiyo wakati Geno anakuja juu, mwenye nyumba alikua Taha.

Halafu Agosti 2017, Paris, fainali ya dunia, wawili hao. Ilikua 10-8 Geno. Jiulize, fainali ya uzito wa juu pointi 18! Watu wamezoea uzito huu mijitu inasukumana dakika sita inaisha 2-1 wanashikana mikono wanaenda kula. Hawa walikua wanarushiana kama uzito mdogo. 2018 Budapest Geno akachukua tena, fainali akamfunga Mchina Deng Zhiwei. 2019 Nur-Sultan fainali tena Geno na Taha, na ikaisha 6-6.

Subiri, 6-6 halafu kuna mshindi? Hakuna dakika za nyongeza?

Hakuna. Ikiwa sare wanaangalia kwanza nani ana pigo lenye pointi kubwa zaidi, kama wote sawa wanaangalia nani ana maonyo machache, kama bado sawa basi aliyefunga wa mwisho ndo mshindi. Ndo maana utaona ubao una kimstari chini ya pointi ya mmoja wao, huyo anaongoza hata kama namba zinafanana. Nur-Sultan mstari ulikua kwa Geno. Ubingwa wa tatu, mfululizo.

Wengine wanasema hii sheria sio ya haki. Mimi naipenda, inamlazimisha anayedhani ana sare atoke akacheze.

Taha alilipiza?

Kwa namna yake. Belgrade 2022 alichukua ubingwa wa dunia wa tatu, miaka saba baada ya ule wa pili, wakati watu walishaanza kumwandikia tanzia ya michezo. Na Ulaya ndo usiseme: mataji 11 ya Ulaya, kuanzia 2012 mpaka 2024. Kwenye mlolongo huo kuna mapengo mawili tu, 2016 na 2020, na ukiangalia nani alikua bingwa wa Ulaya miaka hiyo miwili, ni Geno. Olimpiki Taha aliongeza shaba Tokyo na shaba Paris, na 2024 hiyohiyo akachaguliwa rais wa shirikisho la mieleka la Uturuki.

Kwahiyo ubingwa wa dunia ni tatu kwa tatu, dhahabu ya Olimpiki moja kwa moja. Bishaneni wenyewe, mimi kwa upande wa muda mrefu naenda na Taha, kwa mechi moja ya kufa na kupona naenda na Geno.

Paris 2024 ilikuaje? Mpinzani alikua nani?

Amir Hossein Zare, Muirani, amezaliwa 2001. Huyu ni kizazi kingine. Tokyo akiwa na miaka 20 alichukua shaba, mwaka huohuo akaenda Oslo akawa bingwa wa dunia, 2023 Belgrade akawa bingwa tena, na fainali hiyo ya 2023 aliyefungwa ni Geno huyuhuyu. Kwahiyo mnaenda Paris, Geno ana miaka 30, hajashinda ubingwa wa dunia tangu 2019, na Zare ndo anapewa nafasi kubwa na karibu kila mtu aliyekua anatabiri, mimi nikiwemo.

Tarehe 10 Agosti, ukumbi wa Champ de Mars, mnara wa Eiffel uko hapo karibu. 10-9 Geno. Pointi moja. Kama Tokyo alifungwa 10-8 huku tisa ndo zilikua zimemtosha mwenzake, safari hii na yeye alihitaji 10 na akazipata, na kijana mwenye kasi zaidi akabaki na 9. Tena ni jiji lilelile alilochukulia ubingwa wa dunia wa kwanza miaka saba nyuma.

Ninachokiona mimi kwenye mechi ile ni kwamba Geno hakuja kumzidi Zare nguvu, alikuja kuifanya mechi iwe ya fujo. Zare akiachwa acheze mechi safi ya mpangilio, anasukuma anapata 1, anaangusha anapata 2, anakuziba mpaka mwisho. Kwenye mechi yenye pointi 19 hakuna mpangilio, kuna kubingirika na kushtukizana, na huko ndo nyumbani kwa Geno tangu 2017.

Zare hajapotea lakini. 2025 Zagreb amechukua ubingwa wa dunia wa tatu. Kwasasa uzito huu ni wa kwake.

Kwanini kulikua na shaba mbili Paris?

Mieleka haina mechi moja ya mshindi wa tatu. Ukifungwa na mtu halafu huyo mtu akafika fainali, unarudishwa kucheza tena kutafuta shaba, na kila upande wa ratiba una shaba yake. Paris shaba zilienda kwa Taha Akgül na Giorgi Meshvildishvili anayechezea Azerbaijan. Mfumo huu unasaidia yule aliyepangwa na bingwa mapema kwa bahati mbaya.

Hawa watu wanene hivi wana stamina kweli?

Tuheshimiane. Hao sio wanene, ni wakubwa. Dakika sita za kusukumana na mtu wa kilo 120 ambaye naye anakusukuma, anakuning'inia shingoni ili ubebe uzito wake, ni tofauti na kukimbia dakika sita. Jaribu kitu kidogo tu, muweke rafiki yako mkono shingoni naye akuwekee, msukumane dakika moja tu ya saa. Utaelewa kwanini wakimaliza kipindi cha kwanza wanaonekana kama wametoka kuvuliwa baharini.

Mazoezi yao ni mkeka, vyuma, kamba ya kupanda, kubeba mtu mwingine mabegani na kukimbia nae, na kurudia mwendo mmoja wa kushika mguu mpaka mwili unaufanya bila kufikiri. Shingo ndo wanaifanyia kazi kuliko watu wanavyodhani, ile ya kukaa kichwa chini miguu juu wanajisukuma mbele nyuma kwa kutumia shingo. Shingo ikilegea kila kitu kinafuata.

Masikio yao yamefanya nini?

Yanasuguliwa na kugongwa kila siku, kichwa kwa kichwa, damu inakusanyika kati ya ngozi na gegedu, isipotolewa mapema inaganda na sikio linabaki limekunjamana hivyo maisha yote. Wengi hawahangaiki kulitibu, mkekani ni kama cheo. Chuo Marekani kwa miaka mingi walikua wanavaa vikinga masikio, mashindano ya dunia wengi hawavai.

Mambo ya dawa za kuongeza nguvu vipi, uzito huu si una historia mbaya?

Unayo, na mbaya kweli. London 2012 fainali ya uzito wa juu ilikua Artur Taymazov wa Uzbekistan na Davit Modzmanashvili wa Georgia. Sampuli zilihifadhiwa, zikapimwa upya miaka baadae kwa teknolojia mpya, wote wawili wakanyang'anywa medali 2019. Taymazov alishanyang'anywa na ya Beijing 2008. Mwishowe dhahabu ya London wakapewa watu wawili, Bilyal Makhov wa Urusi na Komeil Ghasemi wa Iran, ambao siku yenyewe walipanda jukwaani kuchukua shaba. Pata picha, unapata dhahabu ya Olimpiki ukiwa nyumbani kwako, miaka saba imepita, hakuna wimbo wa taifa hakuna ukumbi.

Kwa Wageorgia hilo liliuma mara mbili, medali ilikua yao. Kwahiyo Geno alivyoleta dhahabu ya uzito huohuo Paris ilikua na uzito wake.

Wanapata hela?

Inategemea umezaliwa wapi. Kamati ya Olimpiki ya kimataifa yenyewe haikulipi hata senti kwa kushinda. Nchi ndo zinalipa, na kwenye nchi kama Georgia, Iran na Uturuki ambako mieleka ni heshima ya taifa bingwa hawezi kulala njaa, serikali inampa zawadi, na akistaafu kazi za ukocha na uongozi zipo. Marekani kuna mfuko wa wadau wa mieleka wenyewe unalipa dola 250,000 kwa dhahabu ya Olimpiki, Gable alizichukua. Wengine wanaenda ligi ya Ujerumani, Bundesliga ya mieleka, ndio ipo, klabu zinaajiri wageni kwa msimu.

Ila usilinganishe na soka. Bingwa wa dunia wa kilo 125 anaweza kutembea Kariakoo mchana kweupe na asiombwe selfie, labda aulizwe kama anabeba mizigo.

Huku kwetu Afrika kuna mtu wa kiwango hicho?

Uzito wa juu bado, kusema kweli. Misri ndo wanajitahidi zaidi, Diaaeldin Kamal aliwapeleka mpaka Tokyo kwenye kilo hizi 125. Upande wa wanawake Nigeria wako mbali, Blessing Oborududu alichukua fedha Tokyo kilo 68, medali ya kwanza ya mieleka Olimpiki kwa Nigeria.

Njia ya Mwafrika kwenda Olimpiki ni ama ufike juu kwenye mashindano ya dunia, ama ushinde nafasi kwenye mchujo wa bara, kwa Paris ulifanyika Alexandria Misri pamoja na nchi za Oceania na wanaofika fainali ndo wanakata tiketi, ama mchujo wa mwisho wa dunia ambao ni vita. Kila uzito Olimpiki wanaingia watu 16 au mmoja mbili zaidi, na kila nchi inapeleka mtu mmoja tu. Na miili ipo jamani. Wanuba wa Sudan wanapigana mieleka tangu enzi na enzi, Wamundari wa Sudan Kusini wanajaza uwanja Juba, Waganda wana ekigwo yao. Kinachokosekana ni mikeka, makocha na nauli. Mkeka mmoja wa mashindano ni ghali, na bila mkeka huwezi kufundisha mtu kurushwa, atavunjika.

Je Geno ndo bora wa wakati wote uzito huu?

Hapana. Medved, dhahabu tatu za Olimpiki mfululizo 1964, 1968 na 1972 na ubingwa wa dunia mara saba, hakuna wa kumgusa. Baada yake kuna Mmarekani Bruce Baumgartner, medali nne za Olimpiki nne mfululizo kuanzia 1984, mbili za dhahabu. Geno anakuja kwenye kundi linalofata, pamoja na Taha. Kwa utamu wa mechi lakini, namweka wa kwanza na sirudi nyuma.

Sijawahi kuangalia mieleka hii, nianze na mechi gani?

Anza na Tokyo, dhidi ya Gable, na usiruke mbele, angalia dakika zote sita ili zile sekunde za mwisho zikupate vizuri. Halafu rudi Paris 2017 na Taha. Ile 6-6 ya Nur-Sultan iangalie ukishaelewa sheria ya sare, la sivyo utaishia kumtukana refa bure. Paris 2024 na Zare iweke mwisho. Kwenye zote angalia miguu yao, acha kuangalia mikono, anayeanza kusogeza mguu wa nyuma kinyumenyume ndo anayekaribia kuangushwa. Mara nyingi shirikisho la dunia, United World Wrestling, huweka video za mechi wenyewe, na maelezo ni ya Kiingereza lakini ubao unajieleza: nyekundu huyu, bluu yule, saa inarudi nyuma kuelekea sifuri.